Dola 21 kwa saa, lakini saa ngapi? Majibu kwa wabeba boksi pati-taimu Marekani

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wetu walioko Marekani, wale wa kwenye maghala ya vifurushi, shifti za usiku na za alfajiri, na karibu wote ni pati-taimu. Nimechukua tano. Pale mtu anapolalamika nimeondoa jina la kampuni yake, na majina yenu pia sitoi, msiwe na wasiwasi.

*Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa Kitanzania, nimefika Louisville juzi juzi tu. Washkaji wananiambia niombe kazi UPS pale uwanja wa ndege, shifti ya usiku, dola 21 kwa saa na shule wanakulipia. Nyumbani nimeshawaambia na wameanza kuniomba hela ya mabati. Anti hiyo hela inatosha kweli kuishi? Na hiyo ya shule ni kweli au stori? – Mgeni, Kentucky*

Marahaba mwanangu. Mabati yasubiri kidogo, kwanza tupige hesabu.

Hiyo dola 21 ni kweli, imeandikwa kwenye mkataba wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters na UPS, ile kampuni kubwa ya vifurushi, uliopigiwa kura Agosti 2023, na anayeanza pati-taimu akikaa anapandishwa taratibu mpaka dola 23. Kabla ya hapo waliokuwa wanaanza walikuwa kwenye dola 15 na kitu, kwahiyo ile ilikuwa hatua kubwa na watu waliipigania, msidhani kampuni iliamka tu asubuhi ikaona huruma. Lakini wewe usiangalie bei ya saa peke yake, uliza umehakikishiwa saa ngapi. Pati-taimu wa pale mkataba unamhakikishia saa tatu na nusu kwa siku akiripoti kazini. Sasa chukua 21 zidisha kwa tatu na nusu zidisha kwa siku tano, unapata dola 367 na senti 50 kwa wiki, na hiyo bado haijaguswa. Toa asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni na ya matibabu ya wazee, hapo hapo zimeondoka kama 28, bado kodi ya mapato, bado ada ya chama kama umejiunga. Kwa kodi ya nyumba ya mtu anayeishi peke yake, haitoshi. Ukipata saa tano mwezi wa kumi na mbili wakati mizigo ya Krismasi inamiminika utajiona tajiri, halafu Januari inakuja mizigo imekauka na unarudi kwenye saa tatu na nusu, na hapo ndo watu wengi wanakwama kwa sababu walipanga nyumba kwa hesabu ya Desemba.

Kuna kamchezo kamoja nakuonya mapema, na kako kwenye maghala mengi sio hapo tu. Mizigo ikiisha mapema supavaiza anapita kwenye mkanda anauliza kwa sauti ya upole kabisa, "nani anataka kwenda nyumbani?" Umechoka, ni saa tisa usiku, unainua mkono. Ukishainua mkono umeondoka kwa hiari yako na ile guarantee ya saa tatu na nusu siku hiyo huna. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki uone mshahara utakavyokuwa. Kama unahitaji hela sema hapana asante, nipe kazi nyingine, fagia, panga makontena, chochote, mradi saa zako zitimie. Na upande wa pili, kwenye mkataba huo pati-taimu akipitisha saa tano kwa siku analipwa moja na nusu, kwahiyo saa ya sita ukiiona imelipwa 21 kavu usinyamaze.

Kwanini saa zenyewe ni chache hivyo? Sababu iko kwenye kazi yenyewe. Pale Louisville ndege zinatua usiku mfululizo, vifurushi vinashushwa, vinachambuliwa, vinapakiwa tena, na kabla ya mapambazuko ndege zote zinatakiwa ziwe hewani. Kile kituo kinaweza kuchambua vifurushi zaidi ya 400,000 kwa saa moja. Kampuni haimhitaji mtu wa saa nane, inahitaji maelfu ya watu kwa saa nne halafu waende zao. Ndo maana pati-taimu sio kitu cha pembeni kwenye biashara hii, imejengwa juu yake, na mgomo mkubwa wa Agosti 1997, wafanyakazi 185,000 siku 15, ulikuwa hasa juu ya hilo hilo, watu wamekaa pati-taimu miaka na miaka hawapati ful-taimu. Walitoka na ahadi ya nafasi 10,000 za ful-taimu.

Sasa faida iko wapi, maana ipo. Ya kwanza ni bima ya afya. Unasubiri miezi kadhaa lakini ikianza huchangii kila mwezi, na kwa nchi ile ambako kulazwa siku mbili kunaweza kumfilisi mtu hicho ni kitu kikubwa kuliko unavyofikiria sasa hivi ukiwa kijana na mzima. Ya pili ni hiyo shule, na sio stori. Louisville kuna mpango unaitwa Metropolitan College, upo tangu 1998, ukifanya shifti ya usiku unalipiwa ada ya digrii ya kwanza chuo kikuu cha Louisville au chuo cha Jefferson. Mimi ningekushauri hivi: ukiingia kwa ajili ya shule na bima, ingia. Ukiingia kwa ajili ya mshahara tu, utafute kazi ya pili ya mchana tangu siku ya kwanza. Na kabla hujasaini masharti ya shule, uliza ukiacha kazi katikati ya muhula nani analipa, na wewe kama mgeni unahesabiwa mkaazi wa jimbo lini.

Ukisikia mahali wanatangaza dola 24 au 25, uliza tena, ni mshahara wa msingi au kuna bonasi ya mahudhurio ndani yake. Bonasi inaondolewa wakati wowote, na ukikosa siku moja ya wiki imekwenda yote.

*Habari yako dada. Mimi ni Mkenya, niko Texas kwa ghala moja la vifurushi. Supavaiza anataka tufike robo saa mapema, tunyooshe viungo na kusikiza mkutano, ndio tupanch. Tukimaliza tunapanch out kwanza halafu tunaambiwa tufagie trela. Kisha kuna laini ya sekyuriti ya kutoka, unaeza simama dakika ishirini. Nikiuliza naambiwa ni roho ya timu. Hii ni sawa kweli? – Baba Watoto, Texas*

Nzuri kaka. Hapana, sio sawa, isipokuwa kipande kimoja ambacho nacho kinauma.

Sheria ya kazi ya Marekani ya 1938, ile Fair Labor Standards Act, inasema muda wowote mwajiri anaokufanyisha kazi au anaokuacha ufanye kazi huku anajua, ni wa kulipwa. Mkutano wa lazima ni kazi. Kufagia trela ni kazi. Haijalishi umepanch au hujapanch, kupanch ni rekodi tu ya saa ya kuingia na kutoka. Robo saa kila siku kwa siku tano ni saa moja na robo kwa wiki, kwa mtu wa dola 21 hiyo ni dola 26 na senti 25, na kwa mwaka inapita 1,300. Kwa mtu wa pati-taimu hiyo ni zaidi ya mshahara wa wiki tatu umetoa bure. Ila sheria ina ujanja wake hapa uujue: ngazi ya taifa kima cha chini bado ni dola 7.25, hakijaguswa tangu 2009, na mkaguzi wa serikali anaangalia wastani wa wiki nzima usishuke hapo au kama umepita saa 40 hukulipwa ovataimu. Kwahiyo mtu wa saa 20 anayelipwa 21 mara nyingi silaha yake kali zaidi ni mkataba wa chama kama upo, au sheria ya jimbo. Lakini piga simu tu Wizara ya Kazi, idara yao ya mishahara, 1-866-487-9243, hawakuulizi makaratasi ya uhamiaji na wanatafuta mkalimani. Dai unaweza kurudi nyuma miaka miwili, na mitatu kama mwajiri alifanya makusudi.

Kile kipande kinachouma ni laini ya sekyuriti, ile foleni ya kukaguliwa wakati wa kutoka. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wafanyakazi wa ghala waliokuwa wanasimama kwenye laini kama hiyo, ikasema kwa sheria ya taifa huo muda mwajiri halazimiki kuulipa. Majimbo mengine kama California wanalipa, Texas usitegemee. Naona uamuzi ule haukuwa wa haki, mtu hajasimama pale kwa kupenda, lakini ndio ulivyo.

La kufanya kesho: nunua kidaftari kidogo, kikae kwenye gari sio ndani ya ghala. Kila siku andika saa uliyofika, uliyopanch, uliyopanch out, uliyotoka kweli, na nani aliyekuagiza kufagia. Andika siku hiyo hiyo, usisubiri wikiendi. Na zungumza na wenzako kuhusu mshahara bila woga, sheria ya 1935 inawalinda hata kama hamna chama, bosi anayesema ni marufuku kutajiana mshahara anavunja sheria yeye.

*Jambo yaya. Mie ni mama wa Uvira, sasa niko Iowa na bwana na batoto. Niko natumika ku depo ya vifurushi masaa tano kila asubui, sasa mwaka moja na kidogo. Niko na mimba ya miezi ine. Nilisema kwa chef asinipe boksi nzito, akaniambia kama siwezi kubeba niende nyumbani mpaka nizae. Juu ya nini? Na kisha kuzaa watanirudisha kweli? – Mama, Iowa*

Jambo mama, na hongera. Barua yako ndiyo iliyonikalisha muda mrefu kuliko zote kwa sababu hilo jibu ulilopewa limewafukuza kazi wanawake wengi mno, na sasa hivi kwa kampuni yenye watu 15 au zaidi ni kinyume cha sheria.

Zamani kidogo hapakuwa wazi. Kuna dada mmoja dereva wa pati-taimu UPS kule Maryland, Peggy Young, mwaka 2006 daktari alimwambia akiwa mjamzito asinyanyue zaidi ya ratili 20, kazi yake ilitaka mtu awe na uwezo wa kunyanyua 70, ambayo ni kama kilo 32. Akawekwa nyumbani bila mshahara, na bima ikaondoka. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Juu, wakaamua 2015 kwamba alikuwa na haki ya kusikilizwa, maana wenzake walioumia kazini walikuwa wanapewa kazi nyepesi na yeye akanyimwa. Baada ya hapo ndo ikaja sheria mpya, Pregnant Workers Fairness Act, ilianza kutumika Juni 27, 2023. Hiyo inasema mwajiri lazima akutafutie marekebisho ya maana, kazi nyepesi, kiti, maji, mapumziko ya choo, kuskani badala ya kubeba, isipokuwa athibitishe kwamba yatamuumiza sana kibiashara. Na ndani yake imeandikwa kabisa kwamba hawezi kukulazimisha likizo kama kuna marekebisho mengine yanayowezekana. Ghala la vifurushi lina kazi nyepesi ngapi mama? Kubandika lebo, kuskani, kuchambua bahasha ndogo, kurekebisha boksi zilizopasuka. Zipo.

Kwahiyo usiende nyumbani, na usisaini karatasi yoyote inayosema umeomba likizo mwenyewe. Chukua barua kwa daktari au mkunga iseme mwisho wa uzito ni kiasi gani, mpaka lini. Peleka kwa ofisi ya wafanyakazi sio kwa chef peke yake, na utume kwa imeili au upige picha, ibaki alama kwamba waliipokea. Kingereza kisikuzuie, andika mistari miwili tu: niko na mimba, naomba marekebisho ya kazi, barua ya daktari hii hapa. Wakikataa, EEOC, ofisi ya serikali ya mambo ya ubaguzi kazini, inapokea malalamiko, usipitishe siku 180 ili uwe salama.

Juu ya kurudi kazini. Sheria ya likizo ya familia, FMLA, inakupa wiki 12 bila mshahara huku nafasi yako inalindwa, lakini ina masharti: uwe umemaliza miezi 12, kampuni iwe na watu 50 karibu na hapo, na uwe umefanya kazi kweli kweli saa 1,250 ndani ya miezi 12 ya nyuma. Hapa ndipo pati-taimu wengi wanaangukia. Wewe masaa tano mara siku tano ni 25 kwa wiki, mara wiki 52 ni 1,300. Umebakiwa na saa 50 tu za akiba, yaani wiki mbili. Likizo na siku za ugonjwa hazihesabiwi. Zile siku ulizokaa nyumbani mtoto anaumwa, zile asubuhi walizokurudisha mapema mizigo ilipokuwa michache, zote zinapunguza. Kwahiyo kaa na karatasi zako za mshahara zote, jumlisha saa leo, na kama umekaribia mpaka chukua kila saa unayopewa kabla hujaondoka, mradi iwe ya kazi nyepesi. Hata usipofikisha 1,250 usikate tamaa, ile sheria mpya ya wajawazito haiulizi saa, na likizo ya kujifungua na kupona nayo unaweza kuiomba kama marekebisho.

Ukisharudi wakupe muda na mahali pa kukamua maziwa kwa mwaka mmoja, pasiwe chooni. Hiyo sheria ni ya 2022. Niandikie ukijifungua.

*Asalaam alaykum dada. Mimi natoka Unguja, nipo Minnesota. Ghalani kwetu tunawekewa idadi ya vifurushi kwa saa lakini hakuna anayetwambia idadi yenyewe, unaitwa tu unaambiwa uko nyuma. Nikenda kusali dakika tano inahesabiwa nimezubaa. Na hivi sasa joto ndani ya trela halisemeki. – Mzanzibari, Minnesota*

Waalaykum salaam. Ndugu yangu wewe umebahatika na jimbo. Hapo Minnesota Wasomali walishalianza hili kabla yako, wale wa ghala la Amazon pale Shakopee, waligoma Julai 2019 siku za mauzo makubwa, wakiwa na kituo chao cha kutetea wafanyakazi, Awood, na madai yalikuwa hayo hayo, kasi na sala na watu kuumia. Wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki kama sisi, wageni, Kingereza cha kubabaisha, na wakasimama nje mbele ya kampuni kubwa kuliko karibu zote duniani. Sheria ya jimbo ya maghala ikaja 2023. Kwa maghala makubwa inasema idadi unayotakiwa kufikisha upewe kwa maandishi, kwa lugha unayoielewa, na isiwekwe kiasi cha kukunyima chakula, choo au sala. Sala imetajwa ndani ya sheria. Na una haki kuomba rekodi ya kasi yako ya siku 90 zilizopita. Basi iombe kwa maandishi, kesho, na waombe Kiswahili.

Joto la trela nalijua. Feni iko mlangoni na wewe uko mwisho kule ukutani, bati limepigwa na jua mchana kutwa, hewa haisogei na boksi hazikomi kuteremka. Marekani haina bado sheria ya taifa ya joto kazini, ila Minnesota ina kanuni yake ya joto la ndani, na California wameweka ya kwao 2024 inayoanza kufanya kazi ikifika nyuzi 82 za Fahrenheit. Kunywa kabla hujasikia kiu. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, ngozi moto, anayumba, msimpeleke ofisini kujaza fomu. Piga 911, mtoeni nje, mwagieni maji, fomu baadaye.

*Anti niko pati-taimu UPS hapa Ohio mwaka wa nne. Nisubiri ful-taimu au niondoke? – Mvumilivu, Ohio*

Mkataba wa 2023 uliahidi nafasi mpya 7,500 za ful-taimu, na dereva wa ful-taimu mwisho wa mkataba anafika wastani wa dola 49 kwa saa, kwahiyo sishangai unasubiri. Lakini Aprili 2025 kampuni ilitangaza kupunguza kazi 20,000 mwaka huo na kufunga majengo 73, na mizigo ya Amazon iliamua kuipunguza kwa zaidi ya nusu kwa kupenda kwake. Kwahiyo jibu haliko kwenye magazeti, liko jengoni kwako. Mwambie stuadi, yule mwakilishi wa chama hapo kazini, akuoneshe orodha ya ukongwe, hesabu walio mbele yako ambao nao wanataka ful-taimu, halafu uliza mwaka jana walipandishwa wangapi hapo. Kama wako sita mbele na walipandishwa watatu, subiri. Kama wako 40 na alipandishwa mmoja, anza kutafuta huku bima ukiwa bado nayo. Na uulize pia wanaohamishwa kutoka majengo yaliyofungwa wanaingia kwenye orodha hiyo sehemu gani, maana wanaweza kukaa mbele yako. Jina lako liwe limeandikwa kwenye ile karatasi ya kuomba nafasi inayobandikwa ukutani, na uipige picha siku uliyoandika.